Mombasa na Rafiki Zake wa Vita: Ufunguo wa Ngome Ulikuwa Mkononi mwa Nani?

Mazungumzo ya barazani juu ya zamani za pwani yetu yana tabia moja. Akitajwa Mreno, wote husema alikuwa adui. Akitajwa Mwarabu wa Omani, baraza hugawanyika: huyu asema alikuja kutuokoa, yule asema alikuja kututawala, na mara nyingine watu huinuka wamekasirikiana na kahawa haijesha birikani. Nakuomba, ndugu msomaji, hasira hiyo tuiweke kando kwa kitambo, tuulizane swali jingine ambalo wazee wetu walilijua vizuri kuliko sisi. Mji mdogo unapomwita rafiki mwenye nguvu aje aulinde, huandikiana nini? Nani hulipa? Na jeshi lililoitwa likishakaa, hutoka lini?

Swali hili si la pwani peke yake. Dola kubwa za leo hufanya mikataba ya kulindana, huweka askari wao katika nchi za rafiki, na hugombana juu ya nani atoe fedha nyingi zaidi. Lakini sisi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mombasa ilikwisha kuyaonja yote haya, matamu na machungu, kwa muda wa miaka mia tatu na zaidi, na kuta zake zingali zasimama.

Kwanza yakupasa ukumbuke pepo. Msaada wa zama zile ulikuja kwa tanga, na tanga hutii upepo. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi wa Novemba au Desemba mpaka Machi, ikaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kisha huja kusi, ikayarudisha. Basi mtu wa Mombasa aliyetaka msaada wa Maskati alituma mjumbe wake kwa kusi, na jawabu, likiwa la heri, lilimfika kwa kaskazi ya mbele. Rafiki wa namna hiyo hawezi kukujia siku unayopigwa. Aweza kukujia mara moja kwa mwaka, na akikosa msimu, ngoja mwaka mwingine. Hili halikuwa jambo dogo: ndilo lililowafanya wenyeji watake rafiki aache askari mjini, asiende zake na jahazi la mwisho. Na askari wakibaki, hapo ndipo maneno yote yaanzapo.

Mji wa kwanza kuingia katika jambo hili na Wareno haukuwa Mombasa, ulikuwa Malindi. Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498 na hakupatana na wenyeji. Siku chache baadaye akatia nanga Malindi, na mfalme wa huko akampokea, akampa chakula, na akampa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Kwa nini? Watu wengi husema ni ukarimu. Ukarimu ulikuwapo, wala siukani. Lakini Malindi na Mombasa walikuwa wakishindana siku nyingi, na Malindi ndiyo iliyokuwa dhaifu. Mfalme yule aliona merikebu zenye mizinga, akapima kwamba mizinga hiyo ni afadhali iwe upande wake. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipiga Kilwa, kisha akaipiga Mombasa na kuichoma moto. Mwaka 1528 Nuno da Cunha akaja akaipiga tena, na watu wa Malindi wakawa pamoja naye. Malindi ikasalimika. Kwa hesabu ya miaka thelathini, mfalme wa Malindi alikuwa amefanya biashara nzuri.

Mombasa nayo ikatafuta wake. Mwaka 1585 alikuja nahodha wa Kituruki, Ali Bey, kutoka Bahari ya Sham, na miji mingi ya pwani, tangu Mogadishu mpaka Mombasa, ikamkaribisha kwa furaha. Wareno walilipiza mwaka 1587, na waliolipa zaidi ni watu wa Faza: mji wao ulivunjwa, mfalme wao akauawa, minazi yao ikakatwa. Lihifadhi jina hili la Faza, msomaji, maana tutalirudia. Ali Bey akarudi Mombasa akiwa na merikebu tano, akajenga boma. Lakini upande wa bara walikuwa wamekuja Wazimba, watu wa vita kutoka kusini, wamesimama kwenye kivuko cha Makupa. Ikambidi Mturuki aweke baadhi ya merikebu zake Makupa kuwazuia hao. Mwezi wa Machi 1589 manowari za Wareno zikafika kutoka Goa, zikamkuta amegawanyika. Merikebu zake zikashikwa, Wazimba wakavuka wakaingia mjini, na watu wakawa wakijitosa baharini waende wakatekwe na Mreno kuliko kubaki nchi kavu. Ali Bey mwenyewe alitekwa akapelekwa Goa, kisha Ureno. Dola ya Kituruki haikutuma mwingine. Rafiki wa Mombasa alikuwa nahodha mmoja shujaa mwenye merikebu tano, wala si dola; na watu wa Mombasa hawakuipambanua tofauti hiyo mpaka ilipokwisha kuwagharimu.

Sasa tazama malipo ya Malindi. Mombasa ilipokwisha kuanguka, na ukoo wake wa Kishirazi umekatika, Wareno walimtoa Sultani Ahmad wa Malindi wakamweka Mombasa awe mfalme. Mwaka 1593 wakaanza kuijenga ngome, kwa ramani ya fundi Mwitaliani, Giovanni Battista Cairati. Mfalme akaahidiwa theluthi ya ushuru wa forodha. Lisikie neno hilo, theluthi. Zamani Malindi ilikuwa mji mdogo wenye forodha yake nzima. Sasa mfalme wake ana mji mkubwa, na theluthi, na juu ya jabali, mbele ya mlango wa bandari, pana ngome ambayo ufunguo wake hana. Kapiteni wa ngome akija, akiondoka, kila mmoja ana tamaa zake, na mfalme huandika barua za malalamiko mpaka Goa na mpaka Lisbon.

Mwanawe, Sultani Hasan, aligombana na kapiteni mpaka akakimbilia bara mwaka 1614, akauawa huko kwa ujira uliotoka kwa Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa. Kizazi cha yule rafiki wa kwanza! Hasan aliacha mtoto, Yusuf, akachukuliwa Goa akiwa mdogo, akalelewa na mapadri, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Wareno walidhani wamekwisha kupata mtu wao kabisa. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapiteni kwa mkono wake, akarudia jina lake na dini ya baba zake. Mwaka uliofuata aliiacha ngome akaingia baharini, akaishi kwa kuwinda merikebu za Wareno mpaka alipokufa. Wareno wakarudi wakaikuta ngome tupu. Urafiki wa Malindi na Ureno, ulioanza kwa chakula na rubani, ukaisha hivyo baada ya miaka 133.

Huko Omani mambo yalikuwa yakigeuka. Maimamu wa Kiyaarubi walikuwa wameiunganisha nchi, na mwezi wa Januari 1650 Imamu Sultan bin Seif akawatoa Wareno Maskati. Habari hiyo ilifika pwani yetu kama mvua baada ya kiangazi. Yasimuliwa kwamba wazee wa Mombasa walimpelekea Imamu ujumbe, wakamshitakia. Wala hawakuzua jambo geni. Kila aliyesoma sira ajua kwamba baada ya mkataba wa Hudaibiya wa mwaka 628 Bani Khuzaa waliingia katika ahadi ya Mtume, S.A.W., na walipovamiwa na Bani Bakr kwa msaada wa Makureshi, mjumbe wao alikwenda Madina kudai ahadi ile, na ahadi ile ikatimizwa. Wazee wa Mombasa walikuwa wakiomba kwa mlango uliojulikana. Tofauti ni kuwa Khuzaa walikuwa na ahadi iliyokwisha kutolewa mbele ya watu, na Mombasa walikuwa na maombi tu.

Mwaka 1652 majahazi ya Omani yaliwapiga Wareno Unguja. Baada ya miaka minane au tisa yakaupiga mji wa Mombasa, yasiipate ngome. Hapa pana jambo ambalo wapenzi wa sifa hulipita mbio. Imamu alipokuja na kuondoka, miji iliyompokea ilibaki peke yake na Mreno mwenye hasira. Mwaka 1678 mkuu wa Wareno wa Goa, Dom Pedro de Almeida, alikuja mwenyewe na manowari zake, akawaua wafalme wa Pate, Siu, Lamu na Manda. Majahazi ya Omani yalifika baada ya hayo, Januari 1679, yakamfukuza. Walikuja, ndiyo, na walimfukuza. Lakini wafalme wanne walikuwa wamekwisha kuzikwa. Ndiyo hesabu ya pepo niliyokutajia.

Basi tufike kwenye mazingirwa yenyewe, ambayo kila mtoto wa Mombasa amesikia habari zake. Tarehe 13 Machi 1696 majahazi ya Imamu Seif bin Sultan, yule aliyepewa lakabu ya Kaidul-Ardhi, yalitia nanga, na ngome ikaanguka Desemba 1698. Miezi thelathini na mitatu. Watu hupenda kuyasimulia haya kama vita vya Mwarabu na Mswahili upande mmoja na Mreno upande wa pili. Ingekuwa ni hivyo, ngome isingekaa hata miezi mitatu. Wareno waliokuwamo ndani hawakufika mia moja. Waliobaki, zaidi ya watu elfu moja pamoja na wanawake na watoto, walikuwa watu wa pwani hii hii: waliokuwa katika himaya ya Wareno, jamaa za ukoo wa Malindi, watumishi, na wengine waliokuwa na hofu ya Pate kuliko hofu ya Mreno.

Maradhi yaliingia ngomeni mapema mwaka 1697, na wakawa wakizikana kila siku. Mwisho wa Agosti kapiteni wa Kireno akafa, na Wareno wenzake karibu wote walikuwa wamekwisha kumtangulia. Ndipo aliyeshika amri ya ngome akawa Bwana Daud, mwana wa watawala wa Faza. Muislamu, Mswahili, mtu wa mji ule ule ambao Wareno waliuvunja mwaka 1587. Pamoja na wanaume wachache, na wanawake wa Kiafrika waliopanda ukutani na silaha, aliilinda ngome mpaka msaada ulipofika mwezi wa Septemba.

Nimewahi kusikia Bwana Daud akiitwa msaliti. Mimi neno hilo silitumii kwa wepesi. Faza na Pate ni majirani wa kisiwa kimoja, na Pate walikuwa ndio mkono wa Imamu katika visiwa vile. Kushinda kwa Imamu, kwa macho ya mtu wa Faza, kulikuwa ni kushinda kwa Pate. Yeye alichagua rafiki wa mbali amlinde na jirani, kama Malindi alivyochagua zamani, kama Mombasa walivyochagua kwa Mturuki. Hukumu yake iko kwa Mola wake. Ninalotaka ulione ni kuwa miji yetu haikuita wageni kwa kupenda wageni. Iliwaita kwa sababu ya jirani. Mwenye kutaka kuijua mikataba ya pwani asiangalie kwanza bahari. Atazame mji wa pili.

Merikebu za msaada zilifuata pepo pia. Za kwanza zilikuja Desemba 1696 kutoka Goa, zikaenda Msumbiji, zikarudi kwa kusi Septemba 1697. Moja katika hizo, Santo António de Tanná, ilipigwa ikazama chini ya ngome Oktoba 1697. Wataalamu wa kupiga mbizi waliichimbua tangu 1977 mpaka 1980, na vitu vyake, magudulia na vyombo vya mezani, vimewekwa katika jumba la makumbusho ndani ya ngome. Ukienda utaviona. Msaada wa mwisho ulifika Desemba 1698, siku chache baada ya Waomani kupanda ukuta usiku na kuwakuta watetezi wachache kabisa. Manowari za Goa zilipokaribia ziliona bendera nyekundu inapepea, zikageuza tanga.

Mombasa ikafurahi, na ilikuwa na haki ya kufurahi. Lakini ngome haikubomolewa. Angalia hapo, msomaji. Wazee walikuwa wameomba Mreno atolewe. Walichopewa ni kwamba Mreno alitolewa na ngome ikabaki na askari wengine. Imamu aliweka liwali na jeshi lake. Na askari walio mbali na kwao, mshahara ukichelewa, hujilipa wenyewe mjini. Omani ilipoingia katika fitina ya wenyewe kwa wenyewe baada ya mwaka 1718, jeshi la ngome lilikosa mtu wa kulizuia. Askari waliasi hata liwali wao. Pate sasa, ile Pate iliyokuwa mkono wa Imamu, ikawaita Wareno! Mwezi wa Machi 1728 bendera ya Ureno ilirudi juu ya ngome baada ya miaka thelathini. Haukupita muda wenyeji wakawachoka kwa tabia zile zile, na Novemba 1729 wakawatoa, safari hii watu wa pwani wenyewe. Kisha wakatuma ujumbe Maskati tena.

Huenda ukawacheka. Wamekwisha kupata ngome yao kwa mikono yao, tena ikiwa tupu, na bado waenda kumtafuta mtu wa kuikaa? Usiwacheke upesi. Mji ulikuwa na taifa kumi na mbili katika makundi mawili: Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa. Kila kundi lingependa ngome iwe tupu kuliko kumwona mwenzake ndani yake. Liwali kutoka mbali alikuwa mwamuzi kabla ya kuwa mtawala.

Na kwa muda Mombasa ilimpata mwamuzi wa kweli. Yapata mwaka 1739 alikuja Muhammad bin Uthman Mazrui kuwa liwali. Utawala wa Omani ulipotoka kwa Mayaarubi ukaingia kwa Mabusaidi, alikataa kumtii Ahmad bin Said, akauawa ndani ya ngome kwa hila mwaka 1746. Nduguye Ali alitoroka, na kwa msaada wa watu wa mji na wa bara akaitwaa ngome tena. Tangu hapo Mazrui walitawala kwa nafsi zao. Walitawala kwa kushauriana na matamimu wawili, mmoja wa kila kundi, na waliweka ahadi na Wamijikenda. Wadigo na Waduruma walikuwa na udugu wa vita na Thelatha Taifa. Wagiriama na wenzao wa kaskazini na Tisa Taifa. Wazee wa kaya walipelekewa nguo na zawadi kwa wakati wake, na siku ya hatari mishale yao ilishuka Makupa.

Kwangu mimi huu ndio urafiki wa vita ulioifaa Mombasa kuliko wote, na ndio usiotajwa vitabuni ila kwa mistari miwili. Mmijikenda hakungoja kaskazi. Hakutaka theluthi ya forodha wala hakuomba ufunguo wa ngome. Alitaka bei ya haki kwa nafaka na pembe zake, na heshima. Wala tusijisifu kwamba sisi tuliitimiza ahadi hiyo siku zote. Katika njaa za karne ya kumi na tisa wako watu wa bara walioweka jamaa zao rehani mjini, na wako watu wa mji waliowauza hao. Jambo hilo liko katika hesabu yetu sisi, si ya Mreno.

Kisha Mazrui wakatamani zaidi ya ulinzi. Yapata mwaka 1812 waliungana na Pate kwenda kuitiisha Lamu, wakashindwa vibaya sana katika mchanga wa Shela. Watu wa Lamu walioshinda, badala ya kulala, waliogopa kisasi. Wakatuma Maskati kwa Seyyid Said bin Sultan, naye akawapelekea liwali na askari, na ngome ya Lamu ikakamilika yapata 1821. Wao walishinda vita kwa mikono yao wenyewe, kisha ushindi ule wakaukabidhi. Mshindi mwoga hutoa zaidi kuliko mshindwa.

Seyyid Said hakuwa mtu wa kupewa mguu mmoja mlangoni akautosheka. Mwaka 1822 watu wake walichukua Barawa na Pate, na 1823 wakawanyang'anya Mazrui kisiwa cha Pemba, ghala ya chakula cha Mombasa. Mazrui wakaona wamebanwa. Walikuwa wamewaandikia Waingereza wa Bombay, wasikubaliwe. Desemba 1823 ikaja manowari ya Kiingereza, wakamwomba nahodha wake ruhusa ya kupandisha bendera yake. Na manowari nyingine, Leven, ya Kapiteni William Owen, ilipofika tarehe 7 Februari 1824, iliikuta bendera ya Kiingereza inapepea ngomeni, bendera waliyoishona wenyewe mjini.

Mkataba wa Owen ulikuwa na masharti yaliyoandikwa, na yafaa tuyatazame, kwa kuwa si mara nyingi tulipata kuandika. Uingereza iwarudishie Mazrui nchi zao za zamani. Utawala ubaki kwa mkuu wa Mazrui na kizazi chake. Mjumbe wa Kiingereza akae Mombasa. Ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu. Waingereza waruhusiwe kufanya biashara bara. Na biashara ya watumwa ikomeshwe Mombasa. Mkataba safi. Una kila kitu ila kimoja: aliyeutia saini hakuwa na amri ya serikali yake kuutia saini.

Owen alikuwa mtu wa dini sana na mchukia utumwa, na sidhani alikusudia kudanganya. Aliacha Luteni Reitz, kijana, ambaye alikufa kwa homa mwezi wa Mei mwaka ule ule, kisha akaja Luteni James Emery. Waingereza walikaa, walisimamia forodha, Pemba haikurudishwa. Na huko London na Bombay wakubwa walipima. Uingereza ilikuwa na mkataba na Maskati tangu 1798, kwa ajili ya njia ya Bara Hindi. Majeshi ya Seyyid Said na ya Kiingereza yalipigana bega kwa bega Ras al-Khaimah mwaka 1819. Mwaka 1822 Said alitia saini mkataba wa kupunguza biashara ya watumwa. Je, Mwingereza amwache rafiki mwenye manowari kwenye mlango wa Ghuba kwa ajili ya mji mmoja wa Afrika? Julai 1826 Emery alipakia vitu vyake, bendera ikashushwa. Mazrui walikuwa wametoa nusu ya forodha yao kwa miaka miwili ili wapewe ngao, na ngao ile kumbe ilikuwa ya adui yao tangu zamani.

Haikuwa hila. Hili ndilo gumu kulikubali. Mazrui hawakuuliza rafiki wao mpya ana rafiki gani wengine.

Seyyid Said alikuja na jeshi Januari 1828, kisha 1829, kisha 1833, na hakuipata Mombasa kwa nguvu moja kwa moja. Ndiyo miaka ya Bwana Muyaka bin Haji, aliyekuwa mshairi wa Mazrui na mji wao. Mizinga haikutosha, lakini ugomvi ulitosha. Mazrui waligombania uliwali wao kwa wao, Thelatha Taifa wakaonewa au wakajiona wameonewa, na wakubwa wao wakaelewana na Said. Mwaka 1837 ngome ikafunguliwa bila vita. Muda mfupi baadaye wakubwa wa Mazrui zaidi ya ishirini walishikwa, wakatiwa merikebuni, wakapelekwa Bandar Abbas. Hawakurudi. Jamaa zao waliobaki walitawanyika, baadhi Takaungu, baadhi Gazi, na kizazi chao kiko mpaka leo.

Yasalia kisa kimoja kifupi. Mwaka 1875 akida wa ngome, Muhammad bin Abdallah Bakhashweni, alimwasi Seyyid Barghash wa Unguja na kujifungia ndani. Barghash hakuwa na manowari za kumtoa. Akawaomba rafiki zake Waingereza, na mwezi wa Januari manowari zao mbili, Nassau na Rifleman, zikaipiga mizinga ngome ya Seyyid kwa ombi la Seyyid, mpaka akida akasalimu amri. Miaka ishirini baadaye, 1895, pwani yote ya Mombasa ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza. Seyyid wa Unguja akawa analipwa kodi kila mwaka kwa ukanda wake wa maili kumi. Ngome waliigeuza jela, ikabaki jela hadi 1958, na juu yake bendera nyekundu ya Seyyid iliendelea kupepea kila siku mpaka Desemba 1963.